Darajani asubuhi au Forodhani jioni: soko lipi la Unguja likufae?

Mgeni akishuka boti Malindi na kuuliza soko la kuzunguka, jibu la Unguja huja kwa majina mawili: Darajani na Forodhani. Yote mawili yana chakula cha wenyeji na kazi za mikono, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kufanana kwao kunaishia hapo. Darajani ndipo nyumba za mjini zinaponunua kitoweo cha leo: samaki, ndizi, nazi, bizari. Forodhani ni bustani ya ufukweni ambayo jua likianza kushuka hupangwa meza, taa na majiko ya mkaa, watu wakaja kula huku wamesimama au wamekaa ukutani kuelekea bahari.

Nawaandikia hasa wanaozungumza Kiswahili, awe mtu wa Mwanza, wa Nairobi, wa Lubumbashi, au mwenye asili ya Unguja aliyekulia Maskati na sasa anawaleta wanawe. Maelezo mengi ya masoko haya yameandikwa kwa mtalii ambaye hawezi kumwuliza muuzaji kitu akaelewa jibu lake. Wewe unaweza, na hilo linabadilisha hesabu yote. Rai yangu naiweka mbele kabisa: ukiwa na nafasi ya soko moja tu, nenda Darajani, na uende mapema. Forodhani ina raha zake, na wapo watu ambao ningewapeleka huko kwanza bila kusita. Nitawataja.

Saa yako ya kuondoka huenda imeshakuamulia

Wengi wa kutoka Dar es Salaam huja kwa boti ya asubuhi na kurudi kwa boti ya alasiri siku hiyohiyo. Kwa hao hakuna cha kuchagua. Forodhani huanza kupangwa alasiri na huchangamka baada ya magharibi, wakati msafiri wa siku moja ameshafika au anakaribia kufika bara. Mchana utakuta bustani safi, vivuli, watu wachache wamepumzika, na harufu ya bahari. Pa kukaa papo, lakini soko halijaanza.

Darajani ni kinyume chake. Saa moja asubuhi pameshachangamka, na kati ya hapo na saa nne ndipo penye uhai wote: samaki wanaingia, mnada unapigwa, mboga bado zina umande. Baada ya adhuhuri, jua likipiga, upande wa samaki na nyama huchoka na harufu huzidi. Aliyefika saa nane mchana akasema Darajani pachafu hakudanganya, ila alikwenda saa isiyo yake. Kutoka bandarini unaweza kwenda kwa miguu, huna haja ya teksi.

Anayelala mjini japo usiku mmoja ndiye mwenye uhuru wa kulinganisha kweli.

Kula

Kwa chakula cha kukaa ukakila papo hapo, Forodhani inashinda, na inashinda kwa mbali. Utakuta mishkaki ya ng'ombe na ya kuku, pweza, ngisi, samaki wa kuchoma, kachori, sambusa, chapati, muhogo wa kukaanga na ndizi. Kuna mashine za kukamua miwa, juisi ikitiwa ndimu na tangawizi, na hiyo peke yake ingetosha kumtoa mtu hotelini. Kuna kile kinachoitwa pizza ya Zanzibar: chapati inayotandazwa nyembamba, ikajazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ikakunjwa pande nne na kukaangwa kwenye bamba la chuma. Mtu wa Mombasa akiiona ataijua mara moja kuwa ni mkate wa mayai aliokua nao.

Ningekushauri uanze na urojo. Uji wake wa njano una ukali wa ndimu au embe mbichi, na ndani yake hutiwa kachori, bajia, viazi, vipande vya mishkaki, yai, chipsi nyembamba za muhogo, chatini ya nazi na pilipili ya kukaushwa. Mpishi mzuri hautengenezi uwe mzito, unapaswa kunyweka. Uonje kwanza kabla ya kuongeza pilipili, kwa sababu pilipili ya Unguja haina huruma kwa mtu wa bara.

Tahadhari yangu kubwa Forodhani ni vyakula vya baharini vilivyochomekwa vijitini na kupangwa juu ya meza. Vinapendeza machoni, lakini mara nyingi vimeshapikwa na vinangoja kupashwa moto, na huwezi kujua vimengoja tangu saa ngapi. Kamba koche na kamba wakubwa ndivyo vinavyosukumwa kwa mgeni kwa sababu ndivyo vyenye bei. Chagua meza yenye msururu wa watu wanaozungumza Kiswahili, chagua kinachopikwa mbele yako kuanzia kibichi, na uulize bei kabla mpishi hajakigusa. Mtu akikuambia "usijali, tutaelewana", nenda meza ya pili.

Darajani huli karamu. Unakula vitu vidogo huku ukitembea: kitumbua cha moto, andazi, mkate wa ajemi, glasi ya juisi ya miwa, dafu lililopasuliwa mbele yako. Kisha kuna matunda, na hapa mizani inalalia Darajani kabisa. Embe zikiwa msimu utaona bolibo na dodo zimepangwa mafungu, na kila muuzaji yuko tayari kukueleza tofauti yake. Utakuta fenesi, mashelisheli, stafeli, shokishoki, mabungo ya kutengenezea juisi, na doriani, ambalo watu wa bara wengi hawajawahi kulionja. Doriani lina harufu inayowagawa watu. Mwombe muuzaji akupasulie dogo, ulile hapohapo, maana hoteli nyingi hazitakuruhusu kuingia nalo.

Mnada wa samaki na meza za viungo

Hata kama huna jiko wala mpango wa kununua samaki, simama penye mnada. Samaki humwagwa chini au juu ya ubao, mnadi anataja bei, wanunuzi wanaongeza kwa neno moja au kwa ishara ya kichwa, na baada ya muda mfupi fungu limepata mwenyewe. Wanaonunua hapo wengi ni wachuuzi wanaokwenda kuuza tena, ndiyo maana kila kitu ni haraka. Utaona changu, pono, tasi, kolekole, nguru, na jodari mkubwa akikokotwa sakafuni kwa mkia. Simama pembeni, usiwe kati ya mnadi na wanunuzi, na vaa viatu ambavyo hutajali vikilowa.

Viungo ndivyo vinavyowaleta wageni wengi Darajani, na ndipo mtu anapoweza kulipia kitu ambacho sicho. Vifurushi vya rangi rangi vilivyofungwa kwa ajili ya zawadi huwa na kidogo cha kila kitu, na mara nyingi vimekaa. Nunua kwa kupimiwa kutoka kwenye gunia au chombo cha wazi, upate kunusa na kushika. Karafuu ibane kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta na vichwa vyake ni vizima. Mdalasini wa Unguja ni magome membamba yaliyoviringana tabaka juu ya tabaka, unavunjika kwa vidole. Gome nene gumu la tabaka moja ni la aina nyingine. Kungumanga nunua nzima ukaikwangue mwenyewe nyumbani, na uliza kama ipo basibasi, ile nyavu nyekundu inayoizunguka, kwa pilau ya sikukuu.

Zafarani ya bei rahisi iache. Zafarani haioti Unguja, na ya kweli ni ghali popote duniani. Kile kinachouzwa kwa mafungu makubwa kwa bei ndogo ni maua mengine yanayotoa rangi tu. Bizari nyembamba ya pilau nayo si zao la visiwani, hivyo huna sababu ya kuibeba kutoka Unguja hadi Kariakoo. Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, manjano na kungumanga ndivyo vya kuchukua.

Karafuu utakayonunua hapa huenda imetoka Pemba, na hilo lina historia. Zao hili lilienezwa visiwani katika karne ya 19 wakati wa Sultani Sayyid Said, na Unguja ilikuwa na mashamba makubwa hadi kimbunga cha 1872 kilipoyang'oa. Pemba ilinusurika zaidi, ikashika uongozi wa karafuu, na haijauachia hadi leo. Mwulize muuzaji karafuu yake imetoka wapi. Ambaye anajua mali yake atakutajia.

Forodhani hutapata kitu cha kulinganisha na meza hizi. Viungo kidogo vinavyouzwa maeneo ya karibu ni vile vifurushi vya zawadi.

Kazi za mikono: hapa ndipo tofauti ni kubwa zaidi

Watu wengi watakuambia Forodhani ndiyo penye kazi za mikono na Darajani ndipo penye chakula. Mimi naona ni kinyume, na hii ndiyo sababu kuu ya kuipendelea Darajani.

Pembezoni mwa Forodhani, ndani ya Ngome Kongwe iliyo mkabala, na kwenye vichochoro vya Gizenga na Hurumzi, utakuta picha za Tingatinga, vinyago vya Kimakonde, shanga, ndala za shanga, na vibakuli vya mawe yaliyochongwa. Ni vitu vizuri, vingine vizuri sana. Lakini vitazame vimetoka wapi. Uchoraji wa Tingatinga ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na wachoraji wake wapo Oysterbay mpaka leo. Uchongaji wa Kimakonde ni wa watu wa nyanda za Newala na ng'ambo ya Ruvuma, na mtu wa Dar anaweza kwenda Mwenge akamkuta mchongaji ameshika tindo. Mawe yale laini yanatoka Kisii, Kenya. Kwa mgeni wa Ulaya aliyekuja Unguja pekee, kuvinunua hapa kuna maana. Kwa wewe mwenye njia ya kurudi bara, utakuwa umelipia nauli ya kitu kilichosafiri kuja kisiwani ili ukirudishe kwao.

Darajani na mitaa inayoizunguka, vitu vya mikono bado ni vyombo vya kazi. Havijapangwa kwa ajili ya kutazamwa, vingine vimening'inizwa juu ya gunia la mchele au vimerundikwa karibu na ndoo za plastiki, na usipovitafuta utavipita. Tafuta mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Tafuta kifumbu cha kuchujia tui, upawa wa kifuu, kawa la kufunikia sinia, ungo, kipepeo cha kupepea mkaa, chetezo cha udongo cha kufukizia udi. Bi wa nyumba aliye jirani yako pale dukani ananunua kifumbu kwa sababu cha zamani kimechakaa, na leo jioni atachujia tui la mchuzi wa pweza. Kitu kinachonunuliwa na mtu wa aina hiyo hakiwezi kusukwa ovyo, kwa sababu atakirudisha.

Kwenye mikeka na vikapu, tulia. Mkeka mzuri hushonwa kwa mashupatu, yaani mikanda iliyosukwa kwa ukindu na kutiwa rangi, kisha ikaunganishwa ukingo kwa ukingo. Ugeuze upande wa chini uangalie mshono: uwe umebana, wa hatua moja, usioacha mwanya wa kupitisha kidole. Lowesha kidole kidogo usugue sehemu yenye rangi nzito. Rangi ikihamia kidoleni, mkeka huo utaichafua kanzu ya kwanza itakayokaliwa juu yake. Vikapu vya miyaa ni vigumu na vinadumu zaidi. Vibonyeze chini, kizuri hurudi umbo lake.

Halafu kofia. Kofia ya mkono, ile yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, huchukua wiki nyingi kumalizika na kwa kawaida hushonwa na wanawake majumbani mwao. Za mashine zimejaa kila mahali na ni rahisi. Ipindue: ya mkono, upande wa ndani unaonyesha kila tundu lilivyokazwa kivyake, na hakuna matundu mawili yanayolingana kabisa. Ukitajiwa bei yake ukashtuka, gawanya kwa wiki hizo kabla ya kufungua mdomo kuomba ipunguzwe.

Kanga utaipata Mchangani na Mlandege, hatua chache kutoka sokoni, doti juu ya doti hadi darini. Ni kazi ya kiwandani, nyingi zikitoka India, lakini hakuna zawadi inayomfaa mama zaidi ya kanga iliyochaguliwa kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Soma kila jina kabla hujalipa. Wapo waliompelekea mkwe doti yenye kijembe.

Bei na maneno

Forodhani bei ya chakula huanza na jinsi unavyoonekana. Salamu ya Kiswahili iliyonyooka huishusha mara moja, na ukiuliza kama mtu anayejua urojo ni nini, unatajiwa bei ya watu. Kupatana sana kwenye bakuli la urojo si vizuri. Kupatana kwenye kamba koche ni lazima.

Darajani vyakula vingi vina bei inayojulikana siku hiyo, na wanunuzi walio kando yako ndio kipimo chako. Kwenye vitu vya ukili, yaani mikeka na vikapu, na kwenye kofia, nafasi ya maelewano ipo, lakini haianzi na "bei gani?" Anza na salamu. Mzee mpe shikamoo, mwanamke mtu mzima mwite bi au mama, kijana mwenzako huwezi kukosea ukimsalimu kwa assalamu alaykum. Uliza kimesukwa wapi, Unguja Kusini au Pemba. Ukishazungumza dakika mbili, bei inayokuja si ile ambayo ingetajwa kwanza, na wala hukumnyanyasa mtu.

Watoto, wazee, mvua na Ramadhani

Mwenye watoto wadogo aende Forodhani. Pana nafasi ya kukimbia, hakuna mikokoteni, na kabla ya magharibi vijana wa makachu hujirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ambayo mtoto ataisimulia shuleni muhula mzima. Mzee mwenye magoti ya shida naye nitampeleka hukohuko, kwa kuwa yako mabenchi. Darajani ina sakafu yenye utelezi, vijia vyembamba, na wabebaji wanaopaza sauti ya "pisha njia!" ambao hawawezi kusimama na mzigo kichwani. Mtoto wa miaka kumi na zaidi, mpeleke Darajani. Atajifunza majina ya samaki ambayo hakuna kitabu kitakachomfundisha.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, Forodhani iko mikononi mwa mawingu. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni, hakuna soko. Jengo la Darajani lina paa, japo nje patakuwa matope.

Ramadhani hubadilisha masoko yote mawili, na kwangu ndio mwezi unaoizidi miezi yote kwa uzuri. Alasiri Darajani hujaa watu wanaotafuta futari: tende, magimbi, muhogo, ndizi mbichi, tambi, mboga, kila mtu akikimbizana na adhana. Mchana usile wala kunywa hadharani popote mjini, hata kama hufungi. Baada ya tarawehe Forodhani inakuwa ya wenyeji zaidi kuliko siku nyingine za mwaka, familia nzima zimetoka kupunga upepo. Kinyume chake ni Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara linalofanyika Ngome Kongwe tangu 2004: usiku ule meza zimezingirwa na wageni na bei nazo zinapanda.

Unaposimama

Jengo la soko la Darajani ni la 1904 na kwanza liliitwa Estella. Dakika chache kutoka hapo, Mkunazini, ndipo palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na juu yake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Yeyote anayekwenda Darajani atenge nusu saa kwa ajili ya mahali hapo. Forodhani nayo ilitengenezwa kuwa bustani 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2009. Mbele yake ni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, la Sultani Sayyid Barghash, la 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kuiona ikiwa imejeruhiwa hivyo kunauma.

Basi, nani aende wapi

Maharusi, wenye watoto wadogo, wazee, na yeyote atakayefika mjini jioni na kuondoka alfajiri: Forodhani. Msafiri wa siku moja, anayepika, anayetaka viungo, anayependa kusikia Kiunguja kikizungumzwa bila kulegezwa kwa ajili ya mgeni, na anayetaka kurudi na kitu kilichotengenezwa kisiwani: Darajani.

Ukiwa na usiku mmoja na asubuhi moja, kula Forodhani usiku lakini usinunue kitu cha kubeba. Lala. Saa moja asubuhi uwe mnadani Darajani, kisha viungo, kisha ukili, na kofia iwe ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayotaka muda. Chukua kikapu kimoja kikubwa cha miyaa mapema, vingine vyote uvitie humo. Karafuu zifungie kwenye chombo chenye mfuniko, la sivyo nguo zako zitanukia karafuu wiki nzima.